Aliyeachia Lango la Nane

Hii imenifikia kwenye kundi la ukoo wetu, imezungushiwa maua na mikono ya kuomba. Maua nimeyatoa, maneno nimeyaacha. Kaa chini uisome mpaka mwisho, na ukichoka katikati, angalau niambie. Mbele utaelewa kwa nini nasema hivyo.

Palikuwa na mji mmoja wa reli, ambako treni ikichelewa mji mzima unachelewa. Katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa stesheni aliishi mwanamke aitwaye Mwalimu Nyamizi. Alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili. Mumewe, marehemu Maganga, alikuwa stesheni masta.

Mwalimu alipostaafu hakufuga kuku kama wenzake. Alifungua chumba cha gemu.

Watu walicheka, weee! Mama wa watu, mjane, mji mzima unampa shikamoo, leo anakaa na watu wanaopigana kwenye TV? Yeye akawajibu mara moja tu.

"Kuku wananuka. Magemu hayanuki."

Chumba kilikuwa na TV nne, viti vya plastiki, na zile mashine za zamani ambazo mchezo wako unautunza kwenye memori kadi. Wa gemu la mpira walicheza dakika zao wakaenda zao. Lakini walikuwepo wapenzi wa magemu marefu, yale ya kucheza wiki hata miezi, ukiacha leo unaendelea kesho ulipoishia. Hao walikuwa na utaratibu wao. Kadi ilikuwa na nafasi kumi na tano tu. Ukianza gemu refu, Mwalimu anaandika jina lako kwenye daftari na nafasi inakuwa yako. Hakuna wa kuifuta mpaka uje mwenyewe useme basi. Na kwenye sheria, Mwalimu hakuwa na utani.

Daftari lenyewe alilipiga mistari kama alivyomwona mumewe akilipiga la stesheni, safu nne. Jina. Gemu. Ameanza lini. Amekabidhi lini. Kwenye reli mtu wa zamu hanyanyuki kwenye kiti mpaka mwenzake amefika, ameambiwa hali ya njia, amesaini. Marehemu Maganga alikuwa hivyo hata nyumbani. Akienda kuoga tu anamkabidhi mkewe: chai iko jikoni, moto nimeupunguza, paka yuko nje.

Basi macho ya Mwalimu yakaanza kuingia ukungu. Binti yake aliyeolewa mbali akamwambia, "Mama, njoo ukae kwangu." Mwalimu akakubali, ila chumba hakutaka kukiuza. Alitaka kumwachia mtu akiendeshe kama chake. Habari zikatoka, mtaa ukachemka. Waliojitokeza kwa dhati wakawa wawili.

Wa kwanza alikuwa Gervas, karani wa duka la simenti. Shati limechomekwa, kalamu mfukoni, akiongea unamsikiliza. Kila mtu alishasema chumba ni cha Gervas, hata yeye mwenyewe alishasema.

Wa pili alikuwa Mihayo, fundi wa redio na TV, umri miaka thelathini na mmoja, analala sebuleni kwa dada yake Kalunde. Na shemeji yake alikuwa ameshasema, kwa upole lakini kasema, kwamba mama yake mzazi anakuja mwezi wa tisa kukaa nao, na sebule itahitajika. Nyuma ya chumba cha gemu kulikuwa na kijichumba chenye dirisha moja, kitanda kinaenea. Mihayo alikuwa amekipima kwa macho mara nyingi. Alikitaka chumba kile kuliko kitu chochote duniani, na wala hakuficha.

Tatizo lake lilijulikana na wote. Mihayo alikuwa hamalizi. Alianza kujifunza udereva, akaacha. Aliingia kwaya, akaacha, tena wiki mbili kabla ya Pasaka, sauti ya nne ikabaki na mtu mmoja. Magemu marefu alianza sita, yote sita akayaacha njiani. Mtaani walimwita Nusu.

"Nusu, umekula? Au umeishia katikati ya sahani?"

Na yeye anacheka nao. Angefanya nini?

Kila alipolichoka gemu alikwenda kwa Mwalimu akamwambia, "Mwalimu, hamu ya lile gemu imeniisha. Toa jina langu." Na kila mara Mwalimu alimpandishia sauti mbele za watu. "Mihayo! Wewe ni mtu wa kuanza tu!" Anaandika kwenye daftari kwa hasira, analifunga pa! Mihayo anatoka kichwa chini. Kesho yake asubuhi yuko pale pale, ameshika bisibisi, anatengeneza pedi, vile vibonyezo vya kuchezea, ambazo wa mpira wamezibamiza chini. Hiyo kazi aliifanya miaka minne, na hakuna aliyewahi kuitaja.

Mwalimu akawaita wote wawili. Akawaonyesha gemu moja refu kuliko yote chumbani, ambalo watu walilibatiza Malango Tisa. Unatembea nchi nzima ukifungua malango, kila lango na mji wake na vita vyake. Nafasi zilizokuwa zimebaki kwenye kadi zilikuwa mbili tu, za akiba, ambazo hakuwahi kumpa mtu, akawapa hizo.

"Nawapeni miezi mitatu," akasema. "Siku ya mwisho nitatazama, halafu nitasema nimemchagua nani."

Hakuongeza neno. Lakini nani asingeelewa? Mtihani ulikuwa wa kumaliza. Watu walimwonea Mihayo huruma. Ni kama kumpeleka kiziwi kwenye mashindano ya kuimba.

Sasa sikiliza. Mihayo alianza kwa moto. Lango la kwanza siku nne, la pili siku tano. Kila akitoka kazini jioni yuko kwenye kiti chake. Alijua kila kisima na kila mzee wa kijiji mle ndani. Mwezi wa pili ulipokwisha, Gervas alikuwa lango la sita, Mihayo yuko la nane! Mtaa ukaanza kunyamaza. Waliokuwa wanamwita Nusu wakarudi kwenye Mihayo. Kalunde dada yake akaanza kuzungumzia pazia la kile kijichumba.

Halafu hamu ikaisha.

Haikuisha kwa sababu yoyote. Wewe mwenyewe unajua inavyokuwa. Mwanzo kila kitu ni kigeni, unataka kujua kilima kile nyuma yake kuna nini. Baadaye unagundua nyuma ya kila kilima kuna kilima, maadui ni wale wale wamevaa chuma kinene zaidi, na unatumwa kurudi kijiji cha pili kufuata msumari. Siku moja Mihayo alikaa, akashika pedi, akajikuta anaangalia saa ya ukutani. Kesho yake tena. Alijilazimisha wiki nzima, na kila akikaa ilikuwa kama kula ugali ukiwa umeshiba.

Siku ya nane akiwa amekaa hivyo, ameshika pedi bila kucheza, mtu wake kwenye TV amesimama darajani, akasikia sauti mlangoni.

"Mwanangu, bado tu hapo darajani? Toka juzi?"

Alikuwa Bi Siwema, muuza asali wa sokoni, mama wa miaka hamsini na kitu. Kila alasiri akishauza alisimama pale mlangoni na ndoo yake, anatazama Malango Tisa. Wengi walidhani anapumzika. Kumbe alikuwa ameomba nafasi tangu kabla ya Ramadhani, na Mwalimu alimwambia kadi imejaa, asubiri.

"Bado, mama," Mihayo akasema.

"Haya, pole pole. Mimi nipo tu, nangoja mmoja wenu amalize."

Mihayo akaaga, akaenda nyumbani, akamwambia dada yake. Kalunde alikuwa anachambua mchele, akauacha.

"Umebakiza nini?"

"Lango moja na nusu."

"Moja na nusu! Mihayo! Si ungefumba macho ukabonyeza tu?"

"Nimefumba, dada. Wiki nzima nimefumba."

"Basi kaa nayo kimya! Nenda, kaa kwenye kiti, shika hiyo pedi yenu, siku ziishe. Huenda na Gervas asimalize. Nani atajua?"

"Nimekalia nafasi ya Bi Siwema."

"Bi Siwema ana nyumba yake! Wewe una nini?"

Kalunde alimpenda sana mdogo wake, ndiyo maana alikasirika hivyo. Mchele wa siku ile walikula na mawe.

Kesho yake alasiri Mihayo akaingia chumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Lango la nane, Mwalimu."

"Vizuri sana!"

"Nimelichoka."

Hata wa mpira walisimamisha mechi.

"Unajua unachokiacha?" Mwalimu akauliza.

"Najua. Ndicho ninachokitaka kuliko vyote."

"Zimebaki wiki tatu, Mihayo. Si uvumilie?"

"Nikivumilia nitakuwa nakuonyesha mtu ambaye si mimi. Halafu utamwachia chumba huyo, nije mimi."

Siku hiyo Mwalimu hakufoka. Alishusha pumzi, akachukua kalamu nyekundu, akainamia daftari mpaka pua ikakaribia karatasi. Alipotaka kuifuta nafasi kwenye kadi, Mihayo akamzuia.

"Naomba usifute, Mwalimu. Bi Siwema akitaka aanze mwanzo, aanze. Akitaka aingie hapo nilipo, nitamwelekeza."

Bi Siwema alisema anaingia hapo hapo, umri wake hauruhusu kurudi nyuma. Basi Mihayo akachomoa karatasi, akamwandikia. Daraja la kushoto limeoza, usipite. Yule mzee wa kisimani ni mwongo. Dawa nimeziweka nyuma ya kinu, ziko saba. Akakaa naye mpaka mama wa watu akavuka daraja kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasimama, akamwachia kiti.

Watu wakarudi kumwita Nusu siku hiyo hiyo.

Siku ya mwisho ikafika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, chumba kimejaa mpaka barazani. Mihayo alikuja pia, akasimama nyuma karibu na dada yake. Gervas akakaa mbele. Na niseme haki yake, alikuwa amecheza kweli, hakusaidiwa na mtu. Akamaliza pambano la mwisho mbele ya macho ya watu wote, lango la tisa likafunguka, majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda. Makofi! Mwalimu naye akapiga makofi.

"Hongera, Gervas. Umemaliza."

"Ahsante, Mwalimu."

"Sasa kabla sijatamka, mwenye chumba lazima ajue anarithi nini. Macho yangu haya unayaona. Hebu nisomee daftari, wewe mwenyewe, watu wote wanaoshikilia nafasi kwenye kadi. Safu zote nne."

Gervas akasimama, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya karani.

"Sudi kinyozi. Gemu la Majoka. Ameanza mwaka juzi mwezi wa tatu. Amekabidhi..." Akatazama. "Hakuna kitu."

Sudi kinyozi alikuwa pale pale. Duka lake liko mkabala na chumba cha gemu, lakini kwa mwaka na nusu alikuwa anazunguka nyuma ya stesheni kwenda kazini, ili Mwalimu asimuulize amefika wapi. Akajificha nyuma ya mtu mnene.

"Endelea," Mwalimu akasema.

Gervas akaendelea. Jina, gemu, ameanza, amekabidhi hakuna kitu. Mwingine, hakuna kitu. Mwingine alishahama mji, hakuna kitu. Alipofungua ukurasa wa pili sauti ikapungua.

"Sijasikia," Mwalimu akasema.

"Gervas. Mashujaa wa Kaskazini. Amekabidhi, hakuna kitu."

"Endelea."

"Gervas. Mji wa Chuma. Hakuna kitu." Kidole kikashuka mstari wa chini. "Gervas tena. Na hapa pia ni Gervas, Mwalimu."

"Manne. Uliyaacha lini?"

"Kama miaka miwili. Niliyachoka."

"Uliniambia?"

"Nilidhani nitarudi."

Kuna mtu alicheka, akanyamaza haraka. Mwalimu akawa amekaa wima sasa, kama siku za darasani anaposikia jibu la ajabu.

"Safu ya nne yote ni tupu?"

"Si yote." Gervas akafunua kurasa. "Kuna Mihayo. Amekabidhi, ina tarehe. Mihayo tena, ina tarehe. Mihayo..." Akahesabu kimya kimya. "Wako saba, Mwalimu. Saba wote Mihayo, na wote wana tarehe. Hakuna mwingine."

Bi Siwema akainua mkono kule alikosimama na ndoo yake.

"Na mimi niseme, Mwalimu. Mimi niko lango la tisa. Niliingia darajani, na sikupotea hata siku moja."

Hapo Mwalimu akasimama.

"Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na miwili," akasema, "na leo nimegundua nilitunga swali baya. Nilitaka kujua nani anamaliza. Nilikuja hapa asubuhi nikiwa nimeshamchagua Gervas. Lakini chumba hiki hakina lango la tisa, jamani. Hakiishi. Ukifungua leo, kesho unafungua tena, mpaka siku utakayokichoka. Na utakichoka. Sasa sitaki kujua nani hachoki, maana huyo hayupo. Nataka kujua siku hiyo atafanya nini."

"Lakini nimemaliza, Mwalimu!" Gervas akasema, na kweli aliumia.

"Umemaliza, na hongera nimekupa kwa moyo. Umemaliza lile lililokuwa na zawadi mbele yake. Yale manne yasiyo na zawadi uliyaacha yamekaa, na Bi Siwema amesimama mlangoni miezi saba. Wanaocheza kweli kwenye kadi yangu ni wawili. Nafasi kumi na tatu zimekaliwa na watu wanaozunguka nyuma ya stesheni!"

Sudi akainama zaidi.

"Na kosa ni langu pia," Mwalimu akaendelea. "Mmoja tu alikuwa anakuja kuniaga. Mimi nikawa namfokea. Nyie wengine mkaona, mkajifunza kutoroka. Na Maganga alinifundisha, Mungu amrehemu. Alisema treni haianguki kwa sababu mtu amechoka. Inaanguka kwa sababu aliyechoka ameondoka bila kumwambia mtu. Mihayo, njoo hapa."

Mihayo akapita katikati ya watu. Kalunde alikuwa analia waziwazi, hata kujifuta hakujifuta.

"Mwalimu," Mihayo akasema, "na nikikichoka?"

"Utanipigia simu siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nimechoka, unadhani tumekusanyika kwa ajili ya nini?"

Akakaa tena, akalichukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika mstari mmoja, herufi kubwa kwa sababu ya macho. Nyamizi. Chumba. Akaweka tarehe ya siku alipofungua. Kwenye safu ya nne akaweka tarehe ya siku ile. Ndipo akaanza kumkabidhi. Feni ya tatu inalia, igonge chini itanyamaza. Soketi ya mlangoni usiiguse ukiwa na mkono wenye maji. Kiti cha dirishani ni cha Bi Siwema. Alikabidhi kwa muda mrefu, na hakunyanyuka kwenye kiti mpaka Mihayo aliposaini.

Gervas alikuwa bado amesimama pale. Akaomba kalamu. Akajaza tarehe kwenye mistari yake minne, mmoja mmoja, kwa mwandiko wake mzuri wa karani, akamrudishia Mihayo daftari kwa mikono miwili. Nyuma yake Sudi kinyozi akapanga foleni. Siku hiyo Sudi alikwenda kazini kwa njia ya mbele, hatua kumi na mbili tu kutoka mlango hadi mlango.

Imeishia hapo. Mimi nilipomaliza kuisoma nilimpigia mama mmoja wa kikundi chetu cha kufuma, ambacho nimeacha kwenda tangu mwaka jana huku nikisema "nakuja, nakuja". Nikamwambia siji tena, kiti changu mpeni mwingine. Akanijibu, "Alhamdulillahi, tulikuwa tunaona haya kukitoa." Basi nawe usiwatumie watu ishirini. Mtumie mmoja tu, yule ambaye siku hizi ukimwona unapita mtaa wa nyuma.

Funzo: Kuchoka si kosa, kila mtu huchoka, kosa ni kuondoka kimya ukaacha jina lako limekaa kwenye kiti ambacho mwenzako anakingoja.